Si Wewe Uliyeharibu Litungu ya Babu

Wegesa mwanangu,

Uko nyumba ya pili tu hapo kwa Mama Neema unasukwa, na mimi niko hapa mezani nakuandikia kama vile umeshafika mbali. Kicheko chako nakisikia. Mama Neema amekwambia kitu umecheka mpaka umekohoa. Naandika haraka haraka, maana nikikuona unaingia mlangoni najua nitaificha hii karatasi kwenye droo ya simu mbovu, halafu nitakuuliza kama umekula. Najijua.

Habari za sabuni, soksi, dawa ya mbu na lile shuka zito hutazikuta humu. Nimeshapanga begini. Utakavyosahau utaazima. Mwezi mmoja porini upande wa Buswahili na wale wazee wa nyimbo za kwetu, halafu kambi ikivunjwa mama yako mdogo anakuchukua huko huko, mnaenda moja kwa moja shule ya bweni, form five. Bunda hurudi mpaka mwisho wa mwaka. Kwa hiyo kesho asubuhi ukibeba begi na litungu ya babu yako, zile nyuzi nane alizokuwa anapiga akiimba, unaondoka kweli. Na kuna kitu sijakwambia, mwaka wa nane sasa.

Juzi ulikuwa umekaa pale mlangoni unachambua mchele, daftari liko mapajani. Ukaniambia, "Mama, hebu sikiliza kama iko sawa."

Unajua utaratibu wao kule kambini. Anayekuja na chombo cha marehemu anasimama siku ya kwanza mbele ya wote, anasema kilikuwa cha nani, kilinyamaza kwa sababu gani, na yeye anakitaka cha nini. Bila hivyo hakuna mzee wa kukifunga nyuzi. Wewe ulishaandika ya kwako. Ukasoma:

"Hii litungu ni ya babu yangu mzaa mama. Iliacha kupigwa kwa sababu mimi niliichezea nikiwa na miaka tisa, nikaiharibu, na babu akafa hajaipiga tena. Nimekuja kuomba msamaha kwenu, kwa sababu yeye siwezi kumwomba tena."

Ukanyanyua macho. "Iko sawa?"

Nikasema, "Iko sawa. Ila usimeze maneno ya mwisho."

Ndicho nilichokwambia, Wegesa. Usimeze maneno ya mwisho. Halafu nikaenda uani nikajifanya nafua. Nguo zenyewe hazikuwepo, nilikuwa natikisa mikono kwenye maji.

Si wewe. Ni mimi. Naiweka hapa mbele ili hata ukikasirika ukaacha kusoma, uwe umeshaijua.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, nijitahidi nisiruke ruke.

Nilikuwa na miaka ishirini na tano. Nilikuwa nimerudi Butiama kwa babu yako na wewe mgongoni, hapana, naongopa tena, ulikuwa mkubwa tayari, ulikuwa unatembea mbele yangu umebeba sufuria kichwani kama kofia. Baba yako alishaenda zake. Babu yako alitupokea hakuuliza hata swali moja. Alisema tu, "Karibuni, maziwa yapo," akasogea kwenye benchi ili tukae.

Wakati ule mimi nilikuwaga sikai. Unanionaga sasa hivi dukani na simu za watu, unafikiri hivi ndivyo nilivyo na haraka? Wakati ule ilikuwa mara tatu. Kila kitu nilijifundisha mwenyewe. Cherehani nilijifundisha mwenyewe, kusuka nilijifundisha mwenyewe, kinanda cha kwaya nilijifundisha kwa kumwangalia mwalimu vidole. Nikiona kitu kina skrubu ilikuwa lazima nikifungue. Redio ya babu yako niliifungua nione kwa nini inakoroma, haikukoroma tena wala haikuongea. Taa yake ya sola niliifungua. Saa ya ukutani niliifungua. Babu yako hakunigombezaga. Alikuwa ananiambia, "Mama, acha kwanza kiharibike, ndiyo ukitengeneze." Anacheka, anaenda kukamua ng'ombe.

Kitu kimoja tu alinikataza. Litungu. "Hiyo ya ukutani usiiguse, mama. Hiyo haijaumwa."

Sasa kwenye kwaya yetu tulipata wazo la kwenda kurekodi, studio moja pale Nyakato. Mimi ndiye niliyekuwa mbele kabisa, natoa mawazo kama mvua. Nikasema tuweke litungu ndani ya wimbo, watu watashangaa, hakuna kwaya yenye kitu kama hicho! Kijana wa studio nikampigia simu nimchezee kidogo asikie, nikamwekea sauti ya babu yako niliyokuwa nimeirekodi kwa kuibia. Akasikiliza, akasema, "Dada, hiyo kitu nzuri, lakini iko nje ya kinanda, sauti hazilingani. Ifungwe upya."

Ifungwe upya. Mimi neno kama hilo nikilisikia damu inachemka.

Babu yako alikuwa ameenda mnadani. Nikaishusha. Wewe umeiona, haina vifungo kama gitaa. Nyuzi nane zinapanda mpaka kwenye mti wa juu, pale zimeviringwa na vitambaa, na ukitaka kukaza uzi unazungusha kile kitambaa kwa nguvu ya mkono mzima. Nilikuwa nimepakua programu ya kupimia nyuzi za gitaa. Unapiga uzi, kimshale kinacheza kwenye kioo, ukipatia kinakuwa kijani. Nilikaa nayo mchana mzima. Vidole vilitoka malengelenge. Kimshale kikiwa kijani napiga kelele peke yangu, "Ee!" Uzi wa kwanza, ee! Wa pili, ee! Nilipomaliza wa nane nikapiga zote kwa pamoja, ikalia kama kinanda. Wegesa, nilijisikia nimefufua mtu. Nilifikiri miaka yote baba alikuwa anapiga kitu kibovu na hajui, na mimi mwanae nimemtengenezea.

Sikuweka hata alama. Kwenye simu ya mtu siwezi kufungua skrubu moja bila kuipiga picha kwanza, hilo nimejifunza baadaye, na nimejifunzia hapo. Siku ile sikuweka alama hata moja ya zilipokuwa.

Kurekodi litungu hakukufanyika. Yule kijana alisema kwaya inatosha, litungu italeta vurugu. Nikairudisha ukutani, nikasahau. Kweli kabisa, nilisahau. Nilishahamia kwenye jambo lingine.

Siku kama tatu hivi zikapita. Jua lilikuwa linashuka, ng'ombe wameshaingia zizini, babu yako amenawa mikono. Ukumbuke mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaanza kutetemeka, alikuwa anashika kikombe kwa mikono miwili. Lakini kwenye litungu ule mkono ulikuwaga unatulia, sijui kwa nini. Akaishusha, akakaa, akapiga.

Akaacha.

Akapiga tena uzi mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayehesabu watoto wake. Akageuza kichwa, akaweka sikio hili, akaweka lile. Akacheka kidogo. Akasema, "Mh. Hii ni ya nani?"

Mimi nilikuwa namenya mihogo. Kisu kilisimama.

Akaimba kipande, ule wimbo wake wa kuaga ng'ombe, sauti ikaenda huku na nyuzi zikaenda kule. Akaondoa vidole kwenye nyuzi. Nilimwona uso, mwanangu. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu ameingia nyumbani kwake akakuta wamehama.

"Nani ameigusa?" akauliza.

Na hapo hapo, hata sikufikiri, mdomo wangu una haraka kuliko mikono, nikasema, "Nilimwona Wegesa anachezea pale."

Akakuita. "Mke wangu! Mke mdogo, njoo." Ukaja mbio, una masizi mkononi. Akakuuliza kwa upole, "Ulizungusha hapa juu?"

Ukaniangalia mimi. Nakumbuka. Halafu ukasema, "Niliigusa tu babu. Kidogo."

Na uliigusa kweli, watoto wote walikuwa wanaigusaga, mnapitisha kidole mnakimbia. Ndiyo maana ulikubali. Ndiyo maana umekubali mpaka leo. Kidole chako kilipita kweli, mimi nikaning'iniza kosa langu kwenye hicho kidole.

Akakushika kichwa. "Basi. Si kitu. Mume wako hakasirikagi." Wewe ukaanza kulia, yeye akaanza kukutania kwamba mke mwenye machozi atamrudisha kwao. Mimi nikaendelea kumenya mihogo.

Alijaribu kuifunga mwenyewe. Vitambaa vile vinataka nguvu na mkono wake haukuwa nayo tena. Alijaribu siku mbili. Siku ya tatu akaniambia, "Mama, mpigie Magori aje anishikie hizi nyuzi. Yeye anazijua."

Mzee Magori huyo huyo utakayemkuta kambini. Alipiga pembeni ya babu yako tangu wote ni vijana, babu yako akiimba yeye anaitikia. Angekuja kwa baiskeli toka Buswahili asubuhi, mchana kazi imeisha. Lakini nilijua akizishika tu atasema, hii si kazi ya mtoto, mtoto wa miaka tisa hana mkono wa kuzungusha hivi. Na kila mtu angegeuka kuniangalia. Redio, taa, saa, halafu na hii, ile moja niliyokatazwa.

Nikatoka uani na simu. Nikasimama kule nyuma ya zizi muda wa kutosha mtu kupiga na kusubiri. Nikarudi nikasema, "Baba, simu yake haipatikani."

Kesho yake akaniuliza tena. Haipatikani. Wiki ile nyingine akauliza mara moja. Haipatikani, baba. Baada ya hapo hakuuliza tena. Jioni alikuwa anakaa pale pale na mikono yake juu ya magoti. Mara moja nilimsikia anamwambia jirani, "Labda na masikio yangu nayo yamechoka, si litungu tu." Hiyo ndiyo naisikiaga nikilala. Hakuwa na uhakika tena hata na masikio yake, na mimi nilikuwa pale, nina jibu mdomoni, nampelekea uji.

Hakumaliza mwezi wa pili. Alianguka zizini asubuhi.

Msibani Mzee Magori alikuja na ya kwake, akapiga mpaka nyuzi zikamkata kidole. Alipomaliza akauliza mbele za watu, "Ya kwake iko wapi? Ilipaswa iwe hapa." Na mimi nikajibu tena. "Imeharibika, mzee. Mtoto aliichezea." Ulikuwa umekaa kwenye mkeka na wamama. Wakakugeukia wote. Bibi mmoja akasema, "Maskini, ni mtoto," na hilo neno ndilo lililokumaliza, nilikuona. Ulivuta kanga ukajifunika uso. Toka siku ile mpaka unamaliza darasa la saba hukuikaribia litungu ilipo. Ukifagia chumba ulikuwa unaacha ile kona. Mimi niliiona hiyo kona ya vumbi kila wiki, nikaifagia mwenyewe.

Kwa nini sikusema baadaye? Nimejiuliza sana. Kwanza nilimwogopa yeye. Alipokufa nikaogopa watu. Watu walipotawanyika nikakuogopa wewe, na wewe ulikuwa unakua, kila mwaka inakuwa ngumu zaidi. Ukiwa na miaka kumi ningesema ungelia tukalala. Ukiwa na kumi na nne ningesema ungeninunia mwezi. Sasa una kumi na saba, unajua kupima mtu. Ningesema siku ile ile ya mihogo, ingekuwa ni kosa la nyuzi nane. Babu yako angesema "Mama jamani," tungemwita Magori, tungecheka mwaka mzima. Hivyo tu. Ndicho ninachokijua kuhusu kukosea, sina kingine.

Na kingine, basi, nacho kinahusu wewe. Wewe una tabia ya kuwahi kukubali. Sahani ikivunjika hata hukuwepo unasema samahani. Walimu wako wanasifiaga, eti ana heshima. Mimi nikisikia hivyo nafsi inaniuma, kwa sababu najua mwalimu wa heshima hiyo ni nani. Usikubali kitu kabla hujakiangalia. Mtu akikuelekezea kidole, muulize yeye alikuwa wapi. Hata kama ni mama yako.

Mchana leo nilimpigia Mzee Magori. Nilikuwa nimejipanga, nimefunga mlango wa duka. Akapokea kwa kelele zake zile.

"Halo! Fundi! Unaleta mtoto au unaleta maneno?"

"Naleta mtoto, mzee."

"Mlete! Sauti za kike tulizonazo zinafanana na mbuzi wa jirani. Anajua kuimba au amekuja kula?"

"Anajua. Mzee, kuna kitu nilikuwa nataka..."

"Sema, mama, sema, salio ni lako."

Nikamuuliza kama huko mvua imenyesha. Akasema imenyesha kidogo. Nikasema asante. Mwanamke wa miaka thelathini na tatu, Wegesa! Imenyesha kidogo, asante.

Ndiyo maana nimeandika. Kuna karatasi ya pili humu ndani, nimeikunja peke yake. Hiyo ni ya Mzee Magori. Sijaibandika, isome. Nimemwandikia nilichofanya, na nimemwandikia kwamba simu yake ilikuwa inapatikana. Mpe kabla hujasimama. Usingoje siku ya pili.

Nakujua utafanya nini. Utataka kunisitiri. Utasimama na daftari lako utasoma yale yale, ili wazee wasiseme mama yako ni mtu wa namna gani. Tafadhali usifanye hivyo. Umenibebea tangu una miaka tisa na hukujua hata unabeba ya nani. Wakiuliza ilinyamaza kwa sababu gani, sema: mama yangu aliifunga upya bila ruhusa, akasema uongo. Sema kwa sauti yako ya kawaida. Halafu useme unaitaka ya nini, hiyo ni ya kwako, mimi sina neno la kukufundisha hapo.

Saa ile narudi kutoka dukani niliitoa litungu kwenye kanga nikataka nizilegeze nyuzi zote, angalau iende haina sauti yangu. Mkono ulishafika kwenye kitambaa cha kwanza. Nikauondoa. Iende kama nilivyoiacha. Zimelegea kidogo kwa miaka, lakini Mzee Magori akizishika atajua ni mkono wa mtu mzima. Babu yako alizifunga zifuate koo lake, si kinanda; ikiwa Magori anakumbuka hilo koo lilikuwa wapi, atazirudisha. Sijui kama anakumbuka. Na yeye amezeeka, na miaka nane ni mingi kushika sauti ya mtu mwingine kichwani. Inawezekana imepotea kabisa. Hilo nalo nimelifanya mimi, ulijue, usije ukafikiri hukujifunza vizuri.

Sikuombi unisamehe kwenye hii barua. Kuomba kwa karatasi, mtu yuko nyumba ya pili, ni ujanja, na ujanja wangu umetosha.

Siku ya mwisho ya kambi wazazi wanaalikwa kuja kusikiliza, halafu ndiyo mnaondoka na mama yako mdogo. Simu mnanyang'anywa, lakini Mzee Magori ana kisimu chake cha kitochi. Ukitaka nije, nipigie nacho, hata usiongee, acha iite mara moja. Siku hiyo nitaamka nivae lile gauni la kijani, nikae dukani mlango umefungwa nusu, na simu zote za wateja nitazizima nisije nikachanganya mlio. Ikiita nitakuja, hata kwa mguu. Isipoita mpaka saa nne asubuhi, nitavua gauni, nitafungua mlango wote, nitaendelea na kazi. Sitampigia mama yako mdogo kumuuliza. Nitajua ni jibu lako, na safari hii sitamwambia mtu yeyote kwamba ulikuwa hupatikani.

Mama yako